Antena ya Pikapu Ni ya Nani?

Mazungumzo na familia zilizohama na wakubwa wa vijiji, Lubunga, Kisangani



Mumeona kile chuma kirefu tulichofunga mbele ya pikapu yetu. Wengine wameuliza kama ni cha kupeleleza, au cha kuita askari. Swali hilo ni la haki. Tangu mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola juu ya ardhi yamewafukuza wengi wenu mpaka hapa. Mtu aliyekimbia usiku ana haki ya kuogopa kitu asichokijua.

Ile ni antena ya foni. Simu inahitaji mnara, na kwenye barabara ya Ubundu kuna sehemu nyingi ambapo simu haishiki. Redio ya CB, ile ya madereva wa malori, msituni hufika kilomita chache tu. Lakini mawimbi ya foni hupanda juu angani na kurudi chini mbali sana, hata bila mnara.

Kazi ya kuifunga tuliifanya mbele ya vijana wenu, ili kusiwe na siri. Kwanza, fundi alikwangua rangi mahali pa kufungia mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu mwili wa gari ni nusu ya antena: rangi ikibaki katikati, sauti inakufa. Pili, nyaya za umeme zilitoka moja kwa moja kwenye batri, na fiuzi karibu nayo, ili gari lisiungue. Tatu, alipima mawimbi yanayorudi nyuma. Kipimo kikiwa chini ya 1.5 ni vizuri. Kikipita 3 hatuongei, maana redio inaweza kuharibika. Tunawaomba wazazi: mtoto asishike antena wakati mtu anaongea, itamchoma. Na radi ikipiga, tunanyamaza.

Kwa nini tunajisumbua hivi? Mukumbuke Makombo, kule Haut-Uélé, wakati bado tulikuwa jimbo moja la Orientale. Desemba 2009, waasi wa LRA waliua watu zaidi ya 300 kwa siku chache. Dunia ilipata habari kamili Machi 2010. Baadaye, Kanisa na mashirika yalisaidia vijiji vya kule kupata foni, na watu wakapashana habari asubuhi na jioni. Foni haikumaliza vita. Lakini kijiji kilichoonywa kilipata nafasi ya kukimbia, na waliojeruhiwa walijulikana mapema.

Hata hivyo, foni inaweza pia kubeba uongo. Neno moja baya, "kabila fulani wanakuja", linaweza kuchoma kijiji kabla jua halijazama. Ndiyo sababu tunawapendekezea masharti haya, muyajadili leo:

– Habari iseme kilichoonekana, wapi, saa ngapi, na nani alikiona kwa macho yake. Kabila lisitajwe kama kosa.
– Habari ya hatari ithibitishwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, kama inawezekana. Ikiwa maisha yako hatarini sasa hivi, tutaonya kwanza na kusema wazi kwamba bado haijathibitishwa.
– Onyo linalopewa Wambole lipewe Walengola pia, kwa maneno yale yale.
– Jina la aliyeleta habari halisemwi hewani. Foni haina siri. Yeyote mwenye redio anaweza kusikiliza.
– Hakuna mtu mwenye silaha atakayepanda pikapu hii.

Tunaomba muchague watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, kutoka pande zote mbili, wakae karibu na foni kila inapotumika. Wamama ndio wanaokwenda mashambani asubuhi. Wao ndio wa kwanza kuhitaji kujua kama njia iko salama.

Antena ni chuma tu. Mutakachokubaliana leo ndicho kitakachoifanya iwe ya amani. Sasa tunawasikiliza.