Muumini na Karatasi ya Rangi Mbili



Jumatano ya tarehe 4 Agosti 2010, Wakenya walidamka kupanga foleni kwenye shule na kumbi za mitaa, vitambulisho mkononi. Safari hii hapakuwa na mgombea wa kuchagua. Swali lilikuwa moja: je, rasimu ya katiba ikubaliwe au ikataliwe? Kijani ilikuwa Ndio, nyekundu ilikuwa La. Karani alitafuta jina kwenye daftari, akatoa karatasi, akamwonyesha mtu kibanda. Mle ndani hapakuwa na askofu wala kadhi, chifu wala mbunge. Palikuwa na kalamu.

Mfano wa kufikirika utasaidia. Mzee mmoja wa kanisa huko Bonde la Ufa amesikia mimbarini, Jumapili iliyotangulia, kwamba Mkristo wa kweli hawezi kutia alama kwenye kijani. Lakini mzee huyo alichomewa nyumba Januari 2008, na amesoma katika rasimu vifungu ambavyo huenda vikazuia jambo hilo lisirudiwe. Kifungu kimoja kinamkosesha usingizi. Vingine amevingoja tangu ujana wake. Atie alama wapi?

Mhadhara huu unamfuata mzee huyo hadi kibandani, na hata baada ya kutoka. Alama moja haiwezi kubeba yote yaliyomo katika dhamiri ya mtu. Kwa hiyo swali la kama karatasi ni safi au najisi halimfikishi muumini mbali. Linalomfaa ni la sehemu tatu: anakubali nini, anavumilia nini, na kile anachokivumilia atakifanyia nini kesho yake.

Mzigo wa vifungu 264

Rasimu ilikuwa na sura 18 na vifungu 264. Iligawa nchi katika kaunti 47, ikapunguza madaraka ya rais, ikaandika haki ya kupata huduma za afya, makao, chakula na maji. Nyuma yake ilikuwepo kumbukumbu ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika machafuko yale, miongoni mwao wanawake na watoto waliochomwa ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, siku ya Mwaka Mpya.

Pamoja na hayo yote, viongozi wengi wa makanisa walisema La. Askofu mkuu wa Katoliki, Kadinali John Njue, na Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikuwa na malalamiko mawili makubwa.

La kwanza lilikuwa kifungu cha 26. Kifungu hicho kinatamka kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, jambo ambalo makanisa yalilitaka. Kisha kinakataza uavyaji mimba, na papo hapo kinaweka hali za kuuruhusu: mtaalamu wa afya aliyehitimu akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Ugomvi wote ulikaa juu ya neno moja: afya. Waliosema La waliliona kama mlango usio na komeo. Waliosema Ndio walijibu kwamba Kanuni ya Adhabu ya tangu ukoloni ilikwisha kumkinga daktari anayefanya upasuaji kuokoa maisha ya mama.

La pili lilikuwa kifungu cha 170, mahakama za kadhi. Makanisa yaliuliza kwa nini dini moja iwe na mahakama zake ndani ya katiba ya wote. Kwa Mwislamu wa Lamu au Mombasa, swali hilo lilifukua historia. Oktoba 1963, serikali ya Jomo Kenyatta na ile ya Zanzibar zilikubaliana kwamba ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani, uingie Kenya, na mahakama za kadhi zilindwe. Zikawemo katika katiba ya uhuru. Rasimu nayo iliziwekea mipaka: ziamue mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kusikilizwa huko. Kuziondoa, machoni pa watu wa pwani, kungekuwa kuvunja ahadi ya kuzaliwa kwa nchi.

Joto lilipanda. Tarehe 24 Mei 2010, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua, katika kesi iliyofunguliwa na wachungaji mwaka 2004, kwamba kuwemo kwa mahakama za kadhi katika katiba ya zamani kulikwenda kinyume na misingi ya katiba hiyo hiyo. Tarehe 13 Juni, milipuko ilitokea Uhuru Park katika mkutano wa maombi wa waliopinga rasimu. Watu sita wakafa.

Mwislamu naye hakuingia kibandani akiwa mwepesi. Kifungu cha 26 kilimkwaza kama kilivyomkwaza jirani yake Mkatoliki, maana fikihi nayo hulinda uhai wa mimba. Tofauti ni kwamba kwenye karatasi ile ile palikuwa pia na mahakama zake. Na si kila La ilikuwa ya dini. Bonde la Ufa, ambako William Ruto na rais mstaafu Daniel arap Moi walipiga kampeni ya nyekundu, hofu ya ardhi na hesabu za kisiasa zilisukuma kura nyingi.

Matokeo: zaidi ya milioni 6 walisema Ndio, takribani milioni 2.8 wakasema La. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo. Haihitaji mtaalamu wa takwimu kutambua kwamba Wakristo kwa mamilioni walitia alama mahali ambapo maaskofu wao waliwaambia wasitie. Je, wote hao waliziacha dhamiri zao nyumbani?

Ngazi na ushahidi

Wanazuoni wa dini hizi mbili walilijadili swali la kushiriki ubaya usioutaka karne nyingi kabla ya kura hiyo. Mwaka 1679 Papa Innocent XI alilaani fundisho lililomsamehe mtumishi anayemsaidia bwana wake kupanda dirishani kwenda kumnajisi msichana. Mtumishi anabeba ngazi kwa kuogopa hasara. Je, naye ana hatia? Karne iliyofuata, Alphonsus Liguori aliichambua kesi ya mtumishi yule kwa makini. Alitenganisha anayeshiriki kwa nia, yaani anautaka uovu wenyewe, na anayeshiriki kwa kitendo tu, bila kuutaka. Huyu wa pili hupimwa: kitendo chake kiko karibu kiasi gani na uovu, na ana sababu nzito kiasi gani?

Mwaka 2004, Kadinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedict XVI, aliitumia mizani hiyo kwa wapiga kura alipowaandikia maaskofu wa Marekani. Mkatoliki anayempigia kura mtetezi wa uavyaji mimba kwa sababu ya utetezi huo anashiriki kwa nia. Anayempa kura kwa sababu nyingine anashiriki kwa mbali, na hilo laweza kuruhusiwa kama sababu zake zina uzito unaolingana.

Upande wa Kiislamu, Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan alieleza kwamba kura ina sura tatu. Ni ushahidi, kwa kuwa mtu anashuhudia kwamba fulani anafaa. Ni maombezi, kwa kuwa anamwombea cheo. Na ni uwakala, kwa kuwa anamkabidhi mambo ya watu wote. Mwenye kumpigia asiyefaa ametoa ushahidi wa uongo. Mwenye ushahidi wa kweli akanyamaza, naye ameuficha. Pale ambapo kila upande una dhara, mafakihi hurejea kanuni inayosomwa hata katika madrasa za pwani: dhara mbili zikikutana, huchukuliwa iliyo nyepesi ili kuepuka iliyo nzito.

Kwa mizani hizo, mzee wa Bonde la Ufa ana njia mbili za heshima. Akitia kijani kwa ajili ya kaunti na haki, huku akikichukia kifungu cha 26, hakukitaka alichokivumilia. Akitia nyekundu kwa kuamini kwamba uhai ndio haki inayobeba haki nyingine zote, pia amepima. Asiyepima ni yule aliyepokea rangi kutoka kwa mtu mwingine bila kufungua rasimu.

Gharama ya kukaa nyumbani

Wapo wanaoona heri kutopiga kura kabisa, mikono ibaki safi. Italia ililijaribu hilo kwa nusu karne. Mwaka 1868, chini ya Papa Pius IX, Wakatoliki walikatazwa kushiriki uchaguzi wa bunge la ufalme mpya uliokuwa ukinyakua ardhi za Papa. Walitakiwa wasichague wala wasichaguliwe. Amri hiyo ililegezwa mwaka 1905 na kuondolewa kabisa mwaka 1919. Katika miaka hiyo, sheria za elimu, ndoa na mali za kanisa zilitungwa na watu wengine. Mara baada ya ruhusa, chama cha padri Luigi Sturzo kilipata viti 100 bungeni. Nguvu hiyo ilikuwepo siku zote, ilikuwa imelala.

Septemba 2024, akiwa ndegeni akitoka Singapore, Papa Francis aliulizwa kuhusu uchaguzi wa Marekani. Alimkosoa mgombea mmoja kwa kufukuza wahamiaji na mwingine kwa kuunga mkono uavyaji mimba. Hata hivyo akasema watu wapige kura na wachague ubaya ulio mdogo. Ni upi huo? Hilo aliiachia dhamiri ya kila mmoja.

Pazia

Dhamiri inahitaji pazia. Mwaka 1986 chama tawala, KANU, kilileta kura ya mlolongo: wapiga kura wajipange nyuma ya picha ya mgombea wao, mchana kweupe. NCCK na maaskofu kama Henry Okullu na Alexander Muge walipinga. Mchungaji angejipangaje nyuma ya mtu mmoja, kisha Jumapili awahudumie waliokuwa kwenye mstari mwingine? Mwaka 1988 mlolongo ulitumika hata hivyo. Mistari mirefu ilishindwa na mistari mifupi mbele ya macho ya watu, hadi utaratibu wenyewe ukafutwa.

Inashangaza basi kwamba viongozi wa makanisa yaliyodai pazia mwaka 1986 walikaribia kulifunua mwaka 2010 kwa kutangaza rangi ya muumini. Walikuwa na sababu ya kuwa waangalifu. Februari 2008 NCCK yenyewe ilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande katika uchaguzi wa 2007, na kwa hiyo hawakuwa na sauti ya kuukemea umwagaji damu. Na hata ndani ya kanisa hapakuwa na rangi moja. Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri, aliyepigwa na polisi katika miaka ya 1990 kwa kudai katiba mpya, alisimama na Ndio.

Kesho yake

Rais Mwai Kibaki aliitangaza katiba tarehe 27 Agosti 2010. Kambi ya Ndio ilikuwa imewaahidi wenye wasiwasi: pitisheni kwanza, tutarekebisha baadaye. Kifungu cha 257 kinampa hata raia wa kawaida njia, akikusanya saini milioni moja. Kifungu cha 26 hakijarekebishwa. Maana yake imekuwa ikiamuliwa mahakamani: mwaka 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba Wizara ya Afya ilikosea kuondoa miongozo ya kuzuia vifo vya uavyaji mimba usio salama.

Hapa ndipo waumini wengi walipozembea, wa kijani na wa nyekundu pia. Aliyevumilia kifungu kwa ajili ya kaunti alibaki na deni la kufuatilia kama kaunti ina mkunga, dawa na gari la wagonjwa, ili mama asifikishwe kwenye uamuzi wa kuavya mimba. Aliyekataa katiba yote kwa ajili ya mtoto asiyezaliwa alibaki na deni la mtoto aliyezaliwa.

Ombi la mhadhara huu kwa masheikh, mapadri na wachungaji ni dogo. Kabla ya kutaja rangi au chama, wasome mbele ya waumini maneno yenyewe ya kifungu au ilani, neno kwa neno, pamoja na yale yasiyowapendeza. Kisha wawafundishe mizani ya ngazi na ya ushahidi, na waishie mlangoni pa kibanda. Kwa mujibu wa katiba, uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, na mpiga kura atapewa karatasi sita. Ijumaa na Jumapili zilizobaki kabla ya siku hiyo zinatosha kwa kazi hiyo.