Hati za Philadelphia na Mpaka wa Kitale

Mazungumzo kwa watu wa Bumula

Katika nchi ya Bungoma si rahisi kupata mji usio na mtu aliyesoma katika shule ya Friends, au aliyeoana na mtu wa kanisa hilo. Katika mwaka wa 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu hilo, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi na kuanza kazi ambayo baadaye matawi yake yalienea hadi Lugulu na kwingineko. Wachache hukumbuka kwamba mji wa Philadelphia nao ulianzishwa na mtu wa dhehebu hilo hilo. Mwaka 1681 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimpa William Penn hati ya kumiliki nchi iliyoitwa Pennsylvania, na Penn akajenga humo mji ambao jina lake kwa Kigiriki ni upendo wa ndugu. Katika mji huo ndipo zilipoandikwa hati mbili zilizoifanya Marekani kuwa taifa, yaani Azimio la Uhuru la mwaka 1776 na Katiba ya mwaka 1787.

Lakini kabla ya hizo mbili yafaa ielezwe hati nyingine, ambayo vitabu vya shule huipita mbio. Hati hiyo ni ya ardhi, na mtu wa Bumula hahitaji kufundishwa uzito wa jambo la ardhi.

William Penn alikuwa na desturi ya kuwalipa wenyeji wa nchi ile, kabila la Walenape, kabla ya kuwagawia wageni mashamba, na kwa hiyo alikumbukwa nao kwa wema. Wanawe hawakufuata nyayo zake. Walikuwa na madeni, na ardhi ndiyo iliyokuwa fedha yao. Mwaka 1737 walitoa karatasi iliyosemekana kuwa ya mwaka 1686, wakadai kwamba wazee wa Walenape waliuza nchi yote ambayo mtu aweza kuitembea kwa siku moja na nusu. Walenape walikubali kutimiza neno la wazee wao, wakidhani kwamba mtu atatembea kama watu wanavyotembea: atakaa chini, atakula, atavuta tumbaku, kisha ataendelea. Kumbe watu wa serikali ya Pennsylvania walikuwa wamekwisha kufyeka njia katika msitu, na wamekwisha kuwaajiri vijana watatu wenye mbio sana. Wawili walishindwa njiani. Wa tatu, Edward Marshall, alifika zaidi ya maili 60. Tena mstari wa mwisho, uliotakiwa kwenda mpaka mtoni, haukuchorwa kwa njia fupi, bali kwa mshazari, ili uzidi kuzunguka nchi. Kwa ujanja huo Walenape walipoteza eka zaidi ya milioni moja. Vita vilipotokea mwaka 1754 baina ya Waingereza na Wafaransa, baadhi yao walijiunga na Wafaransa wakaichoma moto mipaka ya Pennsylvania, na hapana ajabu.

Habari za vita vya uhuru wenyewe zinajulikana, na haina haja kuzirefusha. Serikali ya London ilitaka kodi kwa watu ambao hawakuwa na mjumbe katika Bunge lake. Mwaka 1773 watu wa Boston walimwaga chai baharini. Mwezi wa Aprili 1775 risasi zilianza kulia katika kijiji cha Lexington. Mwaka uliofuata Thomas Jefferson, kijana wa miaka 33, aliandika Azimio lililosema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Kijana huyo alikuwa na watumwa wengi shambani kwake. Katika mswada wake alikuwa ametia maneno makali dhidi ya biashara ya watumwa, lakini wajumbe wakayafuta, hasa kwa kuwa South Carolina na Georgia hazikuyataka. Hivyo karatasi ilitoka ikiwa na maneno mazuri sana na tundu kubwa katikati yake, na tundu hilo lilikuja kuzibwa kwa damu ya vita vya mwaka 1861 hadi 1865.

Lililo gumu zaidi halikuwa kumfukuza mfalme, bali kukubaliana baada ya kumfukuza. Makoloni 13 yalikuwa na wivu kama wake wa mume mmoja. Hati yao ya kwanza ya umoja ilikubaliwa na Baraza lao mwaka 1777, lakini haikuanza kutumika mpaka tarehe 1 Machi 1781, na sababu ya kukawia ilikuwa mipaka. Virginia na majimbo mengine kadhaa yalidai nchi kubwa upande wa magharibi. Maryland, jimbo dogo lisilo na madai hayo, lilikataa kutia sahihi. Wajumbe wake waliona kwamba jimbo lenye nchi nyingi litauza mashamba na kujaza hazina yake, na jimbo dogo litabaki kutoza watu wake kodi hata wakimbie. Maryland haikutia sahihi mpaka Virginia ilipotoa ahadi ya kuiachia nchi hiyo iwe mali ya wote.

Hata hivyo hati hiyo ilikuwa dhaifu. Serikali ya umoja haikuwa na ruhusa ya kutoza kodi, ila kuomba tu. Askari waliopigana hawakulipwa sawasawa. Na kuibadili hati yenyewe kulihitaji majimbo yote 13 yakubali, hata moja lisikatae. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, wengi wao wakiwa askari wa zamani, walikuwa wakinyang'anywa mashamba na ng'ombe kwa sababu ya madeni na kodi. Wakaongozwa na Daniel Shays, aliyekuwa kapteni vitani, wakazifunga mahakama kwa nguvu ili hukumu za madeni zisitolewe. Walishindwa mwanzoni mwa mwaka 1787, lakini hofu waliyoitia katika mioyo ya wakubwa ndiyo iliyowafanya wengi wakubali mkutano wa Philadelphia.

Mkutano huo ulianza tarehe 25 Mei 1787 na kwisha tarehe 17 Septemba. Walihudhuria wajumbe 55 kwa nyakati mbalimbali. Rhode Island haikutuma mtu. Jenerali George Washington alikuwa mwenyekiti. James Madison wa Virginia aliandika kila lililonenwa, na Benjamin Franklin, mzee wa miaka 81, aliketi akisikiliza zaidi kuliko kusema. Madirisha yalifungwa katika joto lile ili siri isitoke nje. Ugomvi mkubwa ulikuwa huu: je, jimbo kubwa na jimbo dogo yawe na kura sawa? Virginia ilitaka wajumbe kwa hesabu ya watu. New Jersey na Delaware, zilizokuwa na watu wachache, zilikataa kumezwa. Tarehe 16 Julai walipatana kwamba kuwe na mabaraza mawili, la chini kwa hesabu ya watu, na la juu, yaani Seneti, ambamo kila jimbo lina wajumbe wawili tu, liwe kubwa au dogo. Mapatano hayo yalishinda kwa kura moja. Ila katika kuhesabu watu, watumwa 5 walihesabiwa kuwa kama watu 3, na faida ya hesabu hiyo ikawaendea mabwana wao.

Wajumbe 39 walitia sahihi. George Mason wa Virginia alikataa, akisema kwamba hati haikutaja haki za raia. Wakati ule wengi walimwona mkaidi, lakini katika majimbo watu walidai jambo hilo hilo, na tarehe 15 Desemba 1791 mabadiliko kumi ya haki za raia yaliingizwa. Kwa kubadili Katiba hiyo hutakiwa theluthi mbili za mabaraza yote mawili na robo tatu za majimbo. Si karibu na haiwezekani, kama ilivyokuwa hati ya kwanza, wala si rahisi kama kubadili nguo. Katika miaka zaidi ya mia mbili imebadilishwa mara 27 tu.

Sasa mazungumzo yarudi nyumbani. Mipaka ya nchi hii nayo ilichorwa kwa karatasi. Mpaka tarehe 1 Aprili 1902 mahali hapa palikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Siku hiyo, kwa amri ya London, pakahamishiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na jamaa wa Mlima Elgon wakajikuta pande mbili za mpaka bila kuulizwa. Baadaye mashamba ya Trans Nzoia yaligawiwa walowezi wa Kizungu, hasa baada ya Vita Kuu ya kwanza, na watu wengi wa Bungoma wakaenda huko kuwa maskwota na vibarua.

Mwezi wa Januari 1960 wajumbe wa Kiafrika walikwenda Lancaster House, London, kuzungumza habari za katiba mpya. Mshauri wao alikuwa mwanasheria Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, aliyealikwa na Tom Mboya. Mwaka 1954 mtu huyu alishinda kesi iliyokataza shule za Marekani kutenga watoto kwa rangi. Aliandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya, na ndani yake alitaka hata Mzungu na Mhindi walindwe, na mali isitwaliwe bila fidia ya haki. Haki zilizoingia katika katiba ya uhuru hazikuwa neno kwa neno maandishi yake. Lakini ikumbukwe kwamba alikuwa akiwaandikia Wakenya haki hizo wakati watu weusi wengi wa kusini mwa Marekani walikuwa bado wanazuiwa kupiga kura.

Woga wa Delaware ulionekana na huku. Makabila madogo yaliogopa kumezwa na makubwa, wakaunda chama cha KADU mwaka 1960, kiongozi akiwa Bwana Ronald Ngala. Msaidizi wake alikuwa Bwana Masinde Muliro, mwana wa Bungoma, aliyechaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Wao walitaka majimbo yenye nguvu na Seneti ya kuyalinda. Mwaka 1962 Tume ya Mipaka ya Majimbo ilizunguka nchini kusikiliza maoni, na hapo chama chenyewe kikapasuka moyoni. Wabukusu walitaka Kitale na Trans Nzoia ziwe katika Jimbo la Magharibi, wakasema ni nchi ya wazee wao na wengi wao waliishi humo. Wakalenjin walitaka ziwe katika Bonde la Ufa, na Wapokot na Wasabaot nao walikuwa na madai yao ya kale. Bwana Muliro alisimama upande mmoja, Bwana Daniel arap Moi upande wa pili, nao ni watu wa chama kimoja. Kitale ikawekwa katika Bonde la Ufa, na makao makuu ya Magharibi yakawa Kakamega.

Katiba ya mwaka 1963 ilikuwa na Seneti ya watu 41, na kanuni ngumu za kuibadili. Hazikudumu. KADU ilijivunja mwezi wa Novemba 1964 na watu wake wakajiunga na KANU. Mwaka 1965 kiasi cha kura za kubadili katiba kilishushwa kuwa 65 katika mia. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na baraza la chini, na maseneta wakapewa viti huko. Mtu aliyeahidiwa kiti kipya ni vigumu kupigania kile cha zamani. Katika mambo haya yote lililo la kustaajabisha ni kwamba majimbo yaliondolewa nguvu, lakini mstari wa Kitale ulibaki. Uliendelea kuwa mpaka wa mikoa miwili kwa karibu miaka hamsini, ingawa sababu iliyowafanya watu waugombee ilikuwa imekwisha kufa. Bwana Muliro aliyeupinga mstari huo alifariki mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya kushiriki kuanzisha FORD iliyodai vyama vingi virudi.

Katiba iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 ilirudisha Seneti na kuanzisha kaunti 47. Bungoma, yenye eneo la bunge la Bumula ndani yake, ni kaunti. Trans Nzoia nayo ni kaunti, na Kitale ni makao yake makuu. Mtu akitaka kuusogeza mpaka baina yao leo hatoshi kuwa na rafiki mwenye cheo wala karatasi ya kale. Lazima tume huru ipendekeze, theluthi mbili za Bunge la Taifa zikubali, na theluthi mbili za wajumbe wa kaunti katika Seneti zikubali pia. Katika kura hiyo ya Seneti kila kaunti huhesabiwa kuwa kura moja, Lamu yenye watu wachache sawasawa na Nairobi.