Mchezo Mpya Unahitaji Nini?

  Somo la leo ni habari za michezo ya kuigiza. Kila mtu akae mahali anapoweza kusikia vizuri, na penseli iwe mkononi.

Bila shaka mmewahi kutazama mchezo, mkacheka, mkapiga makofi, mkarudi nyumbani. Je, mmewahi kujiuliza mchezo ule ulitoka wapi? Mchezo mpya haushuki kama mvua. Kwanza huwa mbaya. Naam, mbaya! Maneno ni mengi mno, babu anaongea kama kijana, wimbo umetiwa mahali pasipo pake. Wakati huo ndio wa kuusaidia. Lakini sisi huja siku ya maonyesho, kazi ikiwa imekwisha.

Sasa sikilizeni habari ya Malya. Malya iko katika Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi huko. Miongoni mwao walikuwa Amandina Lihamba na Penina Muhando, ambaye pia huitwa Penina Mlama. Bibi Penina alikuwa mtungaji hodari tayari. Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake kiitwacho Hatia, habari za msichana aliyepata mimba. Angeweza kuwapa vijana wa Malya kitabu hicho na kuwaambia, jifunzeni maneno haya. Hawakufanya hivyo. Waliwauliza wanakijiji: Ni mambo gani yanayowasumbua hapa? Jambo moja lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Basi wenyeji wenyewe wakatunga, wakatia ngoma na nyimbo zao za Kisukuma. Na baada ya kuchezwa, watu hawakutawanyika. Walikaa wakajadiliana juu ya watoto wao.

Kazi ile ilichukua miezi mingi. Siku hizi mara nyingi mwenye fedha huja na ujumbe wake mfukoni: tungeni mchezo juu ya vyandarua, Jumamosi tunapiga picha. Mimi siupendi msaada wa namna hiyo. Mchezo unakuwa tangazo, na watazamaji huutambua upesi kuliko mnavyodhani.

Haya, na sisi wa Kwa Mathias je? Labda mtaani kwenu kuna vijana wanaotunga mchezo. Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine anauza mboga. Kila jioni ya mazoezi ni fedha waliyoikosa. Ukimlipia mmoja nauli, au ukampikia uji, umeusaidia mchezo. Nao wanahitaji mahali. Darasa kama hili, baada ya somo, hukaa tupu. Ombeni ruhusa kwa mwenye jengo.

Tena nendeni mkatazame mchezo kabla haujaiva. Usiseme "nzuri, nzuri" kwa adabu tu. Sema: hapa nilichoka, hapa sikuelewa kwa nini mama alimfukuza binti. Mtungaji atanuna kidogo, kisha usiku atakaa arekebishe.

Kuna msaada mwingine, na huu unawahusu ninyi hasa, kwa kuwa sasa mnajua kuandika. Vijana wengi hutunga kwa kusema, bila karatasi. Mwigizaji mmoja akipata kazi Dar es Salaam, anaondoka na maneno yake, na mchezo unakufa. Mtu mmoja akiketi pembeni na daftari, akaandika kila asemalo kila mmoja, pamoja na tarehe na majina ya watungaji, mchezo unabaki. Hata mtu akiuiba, wenyewe wana la kuonyesha.

Anayetaka kujifunza zaidi hana haja ya kwenda mbali. Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na leo kinaitwa TaSUBa. Kimo humu humu katika Mkoa wetu wa Pwani.

Kazi ya wiki hii: kaeni wawili wawili. Mmoja awe baba mwenye nyumba, wa pili mpangaji aliyechelewesha kodi. Semeni, kisha andikeni mliyosema, mistari kumi. Mwalimu atawaita wawili wasome mbele ya darasa, na wengine waseme walipochoka.

Kwaherini.