Juu ya Kusaga Meno Usingizini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moding)



Twashukuru kupewa nafasi baada ya kusomwa hesabu za mweka hazina. Katika hesabu hizo mmesikia fedha zilizotolewa kwa kung'olewa magego mawili ya mwanachama mwenzetu, dereva wa lori. Liko jambo ambalo hesabu hazisemi, nasi yatupasa kuliungama. Mwaka uliotangulia ndugu huyo alituomba msaada wa kinga ya meno ya kuvaa usiku. Sisi wa kamati tulicheka, tukaiona kuwa anasa, tukamnyima. Basi tulichokataa kukilipia mapema tumekilipia baadaye, naye amepoteza magego yasiyorudi.

Mtu alalaye aweza kusaga meno, au kuyauma kwa nguvu, pasipo kujua. Sote tuliwaona mama zetu wakisaga wimbi. Nafaka ikiwapo katikati, mawe hudumu siku nyingi. Mawe yakikutana matupu, hulana. Ndivyo yalivyo meno ya usiku. Ganda gumu la nje la jino likilika halioti tena. Kisha jino hushtuka kwa maji baridi, hupata ufa, na huenda likavunjika. Mwenyewe huamka taya zimechoka na kichwa kikimuuma penye panja, asijue sababu. Mara nyingi mke ndiye wa kwanza kuisikia sauti ile. Mume akiambiwa asibishe, maana yeye alikuwa amelala.

Kwa watoto ndiko tunakokosea zaidi. Mtoto akisaga meno, twasema mara moja: ana minyoo. Kweli, habari za minyoo twazijua sisi wa Busia kuliko wengi. Mwaka 1998 ulianzishwa mradi wa dawa za minyoo katika shule za msingi 75 upande wa kusini, Budalangi na Funyula, shule zikiingizwa kwa zamu. Wataalamu Edward Miguel na Michael Kremer waliona kwamba utoro wa wanafunzi ulipungua kwa karibu robo. Na mwaka 2019 Bwana Kremer, pamoja na wenzake wawili, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa kupunguza umaskini. Dawa ile ni njema, na kila mtoto aipate wakati wake. Lakini haijathibitishwa kwamba minyoo ndiyo isagishayo meno. Tumepata kuona mtoto akinyweshwa dawa mara tatu katika mwezi mmoja kwa ajili ya sauti ya meno tu. Hiyo si haki. Watoto wengi huacha wenyewe wakuapo na meno ya ukubwani yakiota. Mtoto akikoroma sana au pumzi zikimkatika usingizini, huyo apelekwe kwa daktari pasipo kukawia.

Kwa watu wazima, mambo yaongezayo kusaga ni wasiwasi, sigara, pombe, kahawa nyingi, na baadhi ya dawa za hospitali. Wazee watuwie radhi: mrija wa ajon ukivutwa hadi usiku wa manane nao umo katika hesabu hiyo. Na wasiwasi wa madereva wa Malaba nani asiyeujua? Januari 2022, wakati wa vipimo vya Korona mpakani, foleni ya malori ilifika makumi ya kilomita, na watu walilala ndani ya magari yao siku kadhaa. Hatusemi kwamba foleni huvunja meno. Twasema kwamba usingizi wa namna ile si wa kupumzisha taya.

Sasa, kinga yenyewe ni nini? Daktari wa meno huchukua umbo la meno ya mgonjwa kwa kitu laini mfano wa udongo, kisha hutengenezwa kifuniko cha plastiki ngumu kinachokaa juu ya safu moja ya meno. Hakimzuii mtu kusaga. Hulika chenyewe badala ya jino. Huoshwa kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto hukipinda, tena huwekwa ndani ya kasha, mbali na mbwa. Mchana mtu ajizoeze kufunga midomo huku meno ya juu na ya chini yameachana. Hilo halina gharama yo yote.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali kwamba kifungu cha msaada wa matibabu, ambacho hadi leo chataja kung'oa jino tu, kisomeke "kung'oa, kutibu na kukinga", na kila ombi liambatane na barua ya daktari wa meno. Ndugu yetu dereva angali na meno mengine. Ombi lake la pili limo katika jalada la mwandishi, nalo halijajibiwa.