Haidrojeni, Asidi na Uvivu wa Risasi



Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja na volti mbili hivi. Maji yanaweza kuvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni kuanzia volti 1.23. Kwa hesabu hiyo betri ingejikausha ikiwa bado dukani. Kinachoiokoa ni uvivu wa risasi: hata ikizama kwenye asidi kali, metali hii ni kichocheo kibovu mno cha haidrojeni. Fundi anayekataa kujazia maji ya bomba ana hoja. Chembe za metali ngeni, mathalani nikeli, zikitua kwenye bamba la risasi, haidrojeni hupata pa kutokea na chaji huisha bure.

Metali basi ina kauli. Asidi nayo?

Kwenye asidi, protoni ziko tele na hazijashikwa sana. Protoni hupokea elektroni, hujibandika juu ya metali, hukutana na mwenzake, na gesi hupanda. Kwenye alkali protoni hizo ni adimu, hivyo metali hulazimika kuing'oa haidrojeni kutoka kwenye maji yenyewe. Najua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atanikumbusha kwamba kila hatua moja ya pH husogeza volti kwa 0.059 katika nyuzi 25. Ni kweli, lakini tukishaiondoa tofauti hiyo, platinamu bado hufanya kazi hii kwenye alkali kwa kasi ndogo takribani mara mia kuliko kwenye asidi kali.

Sababu yake wanakemia wangali wanaibishania. Wapo wanaosema haidrojeni hushikamana mno na metali pH inapopanda. Wapo wanaolaumu mpangilio wa maji karibu na uso wa metali. Mimi naegemea kwa wanaotazama ugumu wa kuvunja maji. Mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Argonne, Marekani, walipandikiza vipande vya hidroksidi ya nikeli, inayosaidia kuvunja maji, juu ya platinamu, na kasi kwenye alkali ikaongezeka mara kadhaa.

Hapa Nyanda za Juu Kusini, haidrojeni maana yake ni mbolea, kwa kuwa amonia hutengenezwa nayo. Kilo moja ya haidrojeni hula umeme wa kilowati-saa 50 hivi. Mitambo ya umeme wa maji ya Kihansi, yenye megawati 180, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa moja, ingetoa tani tatu na nusu, zinazotosha tani 20 za amonia. Sisemi umeme huo upo bure. Vyura wa Kihansi, waliotoweka porini baada ya maji ya mto kuelekezwa kwenye mitambo, walikwishatufundisha bei ya maji yale.

Mtambo wa kuvunja maji unaotumia asidi ni mwepesi wa kazi, ila unadai platinamu na iridiamu, kwani nikeli huyeyuka humo. Alkali huvumilia nikeli na chuma. Aswan nchini Misri na Kwekwe nchini Zimbabwe walitengeneza mbolea kwa njia hiyo kwa miaka mingi, kwa umeme wa maji. Sisi tuna nikeli Kabanga, wilayani Ngara. Kasoro ya nikeli ni kwamba hunyonya haidrojeni na kuchoka kadiri mtambo unavyoendelea. Kuichanganya na molibdeni huipa kasi zaidi. Kwa maabara zetu, ningeanzia kwenye mchanganyiko huo kabla ya kuagiza gramu moja ya platinamu.