Anayetutetea Analipwa na Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanaharakati na waumini, baada ya kutazama filamu ya Promised Land)



Filamu tuliyoitazama ilitolewa Marekani mwaka wa 2012. Iliongozwa na Gus Van Sant. Walioiandika ni Matt Damon na John Krasinski, nao ndio mnaowaona wakishindana ndani yake. Mahali ni mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Pennsylvania. Chini kabisa ya mashamba yao mna mwamba wenye gesi, na ili gesi itoke hapana budi mwamba upasuliwe kwa maji, mchanga na kemikali vinavyosukumwa kwa nguvu ndani ya kisima.

Steve na mwenzake Sue, mawakala wa kampuni, wakifika mjini huenda kwanza dukani kununua nguo kama za wenyeji. Hawajatamka uongo hata mmoja, na tayari wamedanganya. Kisha hawaitishi baraza. Huenda nyumba kwa nyumba, kila mkulima na karatasi yake na bei yake, jirani asijue jirani amepewa nini. Steve anapandishwa cheo kwa kuwa hutia watu sahihi upesi na kwa fedha chache.

Mkulima mwenye deni na watoto wa kusomesha akitia sahihi, mimi simlaumu. Wala Steve si shetani. Amezaliwa shambani, aliuona mji wa kwao ukifa kiwanda kilipofungwa, na anaamini kwa dhati kwamba fedha za gesi zitawaokoa watu hawa. Dhuluma nyingi hufanywa na watu wa namna hiyo.

Mpango huo unavunjwa na mzee mmoja, Frank Yates, mwalimu wa sayansi. Anasimama mkutanoni shuleni, anauliza kuhusu usalama wa uchimbaji, na anataka watu wasiamue jambo wasilolijua. Kura inapangwa. Ndipo anapotokea kijana Dustin, mtetezi wa mazingira, na picha za ng'ombe waliokufa. Asema shamba la jamaa yake liliangamia. Watu wanampenda, wanamwimbisha, wanampokea kama mtoto wao. Halafu inabainika kwamba picha haikupigwa pale alipodai, na jina lake linaharibika kwa siku moja. Kumbe mwajiri wake ni kampuni ile ile! Alitumwa aongoze upinzani, kisha aumbuliwe, ili maswali ya kweli ya mzee Frank yazikwe pamoja na picha ya uongo.

Ndugu zangu, sisi tulioyaona mambo ya nchi hii tangu kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka wa 1991 hatuhitaji kufafanuliwa sehemu hiyo. Tunakumbuka wabunge wa upinzani walivyohama vyama baada ya uchaguzi wa 1992. Tumezoea kuuliza nani anamlipa mpinzani wetu. Yule anayepaza sauti upande wetu tunampigia makofi tu.

Na swali hilo liiguse filamu yenyewe. Sehemu ya fedha zake ilitoka Image Nation Abu Dhabi, kampuni iliyo chini ya dola inayouza mafuta na gesi. Watetezi wa wachimbaji walilipigia kelele jambo hilo, na umoja wa kampuni za gesi wa Pennsylvania ukanunua matangazo katika kumbi za sinema za jimbo hilo. Kwa maoni yangu fedha hizo haziibatilishi hoja ya filamu, ila mtazamaji ana haki ya kujua. Anayetaka ushahidi autafute Dimock, katika jimbo hilo hilo, ambako kisima cha maji cha mwenyeji mmoja kililipuka siku ya mwaka mpya wa 2009. Kampuni iliyochimba gesi hapo ilisimama mahakamani mwaka wa 2022, haikuyapinga mashtaka, ikakubali kugharamia bomba la maji safi. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Sasa tujitazame. Mkulima wa Pennsylvania mara nyingi anamiliki na kilicho chini ya shamba lake, isipokuwa kama wenyewe wa zamani walikwisha kukiuza. Kwa hiyo anabishiwa mlango, na anaweza kukataa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inayaweka mafuta yote mikononi mwa serikali ya taifa. Mafuta yalipopatikana Turkana mwaka wa 2012, katika kisima cha Ngamia 1, hata Sheria ya Ardhi ya Jamii haikuwapo. Ilipitishwa mwaka wa 2016. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa mapato ya serikali: taifa asilimia 75, kaunti 20, jamii 5.

Basi kwetu mlango unaobishwa si wa mfugaji, ni wa anayesema kwa niaba yake. Huyo alichaguliwa katika baraza gani? Nauli ya kwenda Nairobi alipewa na nani? Mkataba aliousoma uko wapi, na uko kwa lugha gani?

Steve mwishoni anaungama mbele ya watu wote, anafukuzwa kazi, na filamu inakwisha bila kutuonyesha kura ilikwendaje. Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Naona mikono imekwisha kuinuliwa kule nyuma. Tuanze na wazee.