"Steal", "Rob" na "Burgle"

Jioni hii twataka kusema juu ya maneno matatu ya Kiingereza ambayo wanafunzi wengi huyachanganya.

Sisi tuna neno "kuiba", nalo twalitumia popote. Mwizi akichukua baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akimpiga mtu njiani na kumpokonya fedha, akivunja mlango usiku, kote twasema ameiba. "Kunyang'anya" tunalo, ila kwa mazoea twaliacha. Mwingereza huyatenga. "Steal" ni kuchukua mali ya mtu bila ruhusa, kwa nia ya kutoirudisha. Ikiwapo nguvu au tishio, ndipo asemapo "rob".

Tena angalieni neno lifuatalo. Kitu kilichoibwa hufuata "steal". Mtu aliyeibiwa hufuata "rob". Husemwa "He stole my bicycle", lakini "He robbed me". Mwanafunzi aandikapo "He stole me", Mwingereza hucheka, maana aona kwamba mtu mzima ametiwa mfukoni kama saa! Kosa hili latoka katika "ameniibia", ambalo kwetu ni sahihi kabisa. Kiingereza chataka "from": "He stole it from me".

Kuchekwa si kitu. Zito liko mahakamani. Katika Sheria ya Adhabu ya Kenya, wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka 3. Unyang'anyi hufika miaka 14, na penye silaha adhabu huzidi hapo. Basi mtu akiandikisha taarifa kwa Kiingereza, akasema "robbed" juu ya baiskeli iliyochukuliwa hali yeye yuko shambani, amemtwisha mwenziwe kosa asilolitenda. Naye wakili hatakosa kuuliza, "Alikupiga wapi? Alikutisha kwa maneno gani?" Hapo shahidi mkweli ataonekana mwongo.

"Burgle" ni kuingia katika nyumba ya mtu ili kuiba. Sheria hiyo ya Kenya hutenga hata saa: kuvunja nyumba mchana ni "housebreaking", hadi miaka 7, usiku ni "burglary", hadi miaka 10. Huko Uingereza, sheria ya wizi ya mwaka 1968 iliifuta tofauti ya usiku na mchana, hata "burglary" ikawa ya saa zote.

Juma lijalo tutatazama "borrow" na "lend", ambayo kwetu yote mawili ni "kuazima".